Aikido ni nini hasa? Nataka kuanza lakini nyumbani kuna maswali

Mtu_wa_Donholm

Niaje wadau. Naombeni msaada, nimesoma onlaini mpaka nikachanganyikiwa zaidi. Binti yangu hufanya taekwondo Jumamosi kwa holi fulani huku Eastlands, sasa darasa lao likiisha huingia kikundi kingine cha watu wazima, nguo nyeupe kama za karate lakini wengine wamevaa juu yake kitu cheusi kipana kama sketi ndefu. Juzi nikasema wacha niketi niwaangalie. Hakuna ngumi hakuna mateke, mtu anamshika mwenzake mkono na saa hiyo hiyo yule aliyeshika ndio anarushwa, anabiringika kwa mkeka, anaamka, anarudi kushika tena, na hakuna mtu anakasirika. Kulikuwa na mama mmoja rika la mamangu kabisa anaangusha kijana mkubwa wa mabega na hata hahemi. Nikauliza wakaniambia ni aikido.

Mimi nina miaka 38, kazi ni ya kukaa kwa kiti Industrial Area kuanzia asubuhi hadi jioni, mgongo umekauka na tumbo limeanza kunitangulia mlangoni. Karate niliguza kidogo nikiwa sekondari. Sasa nauliza, hii kitu na judo na karate tofauti ni gani? Kwa umri huu naweza anza ama nitavunjika shingo? Na inasaidia kweli mtu akikuvamia, tuseme umeshuka stage saa nne usiku na stima zimepotea?

Halafu la mwisho na ndilo linanisumbua. Nilimwonyesha wife video, akaona wanapiga magoti na kuinamia picha ya mzee fulani ukutani, akaniuliza hiyo ni ibada ya nani. Nikakosa jibu. Sisi ni watu wa kanisa na pasta wetu hizi mambo za Mashariki hataki hata kuzisikia. Tafadhali msinijibu na matusi.

---

kobe_wa_rongai

Karibu sana kaka. Mimi nafanya aikido hapa hapa Nairobi, si mwalimu, ila nimeanguka kwa mkeka vya kutosha kukujibu.

Karate ni ya kupiga, hiyo unaijua. Judo ni ya kushikana nguo na kuangushana, ina refa, ina pointi, na iliingia Olimpiki mara ya kwanza 1964. Aikido na judo ni kama ndugu wa ukoo mmoja maana zote zinatoka kwa jujutsu ya zamani ya Japani, lakini aikido kwa sehemu kubwa haina mashindano kabisa. Hakuna medali. Kuna madaraja tu, unaanza za kyu, kwa wengi ni kutoka ya 5 kushuka hadi ya 1, halafu ndio unaingia dan, yaani mkanda mweusi. Dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, hazina hata mikanda ya rangi katikati, ni mweupe mpaka siku utapewa mweusi, kwa hivyo kama unapenda kubadilisha rangi kila baada ya miezi michache utaboeka. Hiyo sketi nyeusi inaitwa hakama, kwingine wanavaa wenye mkanda mweusi peke yao na kwingine wanavaa wote.

Mzee wa kwa picha ni Morihei Ueshiba, ndiye aliyeanzisha. Alizaliwa 1883 mji wa Tanabe, akafariki 1969. Alikuwa mfupi, kitu kama sentimita 156 hivi. Mwalimu wake mkubwa ni Sokaku Takeda, mtu mkali ajabu aliyekuwa anazunguka Japani akifundisha mtindo wa jujutsu unaoitwa Daito-ryu, walipatana kule Hokkaido kaskazini mwaka wa 1915, Ueshiba wakati huo alikuwa ameenda huko na familia kadhaa kufungua mashamba mapya. Mbinu nyingi tunazofanya ukizichungulia vizuri utaona ni za Takeda, Ueshiba akazilainisha na kuzungusha mwendo wake. Akafungua dojo Tokyo 1931, na jina la aikido likasajiliwa rasmi 1942.

Sasa hicho ulichokiona, mtu anashikwa mkono halafu aliyeshika ndio anaruka. Wacha nikueleze moja polepole maana ukielewa hiyo umeelewa nusu ya aikido. Mwenzako anakushika kifundo cha mkono kwa nguvu. Kila mtu kwa kuzaliwa anavuta, na ukivuta yeye anapata mahali pa kuegemea, mnakuwa mnavutana kamba. Hapa unaambiwa uache mkono palepale ulipo, vidole wazi, bega chini, halafu wewe ndio usogee. Mguu wa mbele unaingia kando ya mguu wake, unageuka kwa nyonga mpaka nyinyi wawili mnaangalia upande mmoja. Hujamnyang'anya mkono, bado anakushika, lakini angalia visigino vyake, vimeinuka! Bega lake limefuata mkono wako na uzito wote uko kwa vidole vya miguu. Hiyo inaitwa tenkan. Ni vile makanga huruka kutoka kwa gari ambayo haijasimama, anakimbia nayo hatua mbili tatu upande ule inaenda, ole wake ajaribu kutua amesimama tu.

Kutoka hapo ndio mbinu inaanza. Ya kwanza kufundishwa inaitwa ikkyo: mkono wako mmoja unashika kifundo chake, mwingine uko kwa kiwiko, unapeleka kile kiwiko kuelekea uso wake kisha mbele na chini, na yeye anafuata mpaka kifua kinagusa mkeka. Kuna nikyo, hiyo inakunja kifundo na mara ya kwanza ukifanyiwa utapiga magoti kabla hujaamua kupiga magoti. Kuna sankyo, yonkyo, shihonage, iriminage, kotegaeshi, na nyingine rundo. Mnafanya wawili wawili kwa zamu, kawaida mara nne, kulia, kushoto, kulia, kushoto, halafu aliyekuwa anaanguka anakuwa wa kuangusha. Ikiuma unapiga mkeka kwa kofi mara mbili, anaachilia hapo hapo.

Umri usikutishe. Kwetu kuna waliozidi 60.

---

Mbavu_Nene

Kobe umeeleza vizuri lakini mwambie ukweli wote. Mimi ni mtu wa ndondi na nimeshika judo kidogo, na hii aikido ninavyoiona ni watu wameelewana. Mmoja anashika, mwingine anageuka, wa kwanza anaruka mwenyewe! Toa huo ukarimu tuone. Nani atakuja kukushika kifundo cha mkono hapo Muthurwa akangoja ugeuke kama unacheza rhumba? Mtu wa Nairobi anakuja wawili au watatu, mmoja anakukaba shingo kutoka nyuma na mwingine tayari yuko kwa mifuko.

Na kitu hakina mashindano utajuaje kama umeiva? Mimi kwa ringi nikizembea napigwa, jibu ninalo siku hiyo hiyo. Naona watu wana mkanda mweusi wa aikido na hawajawahi rushiwa ngumi ya ukweli hata moja. Wengi waliingia sababu ya kuona Steven Seagal akivunja watu mikono kwa runinga miaka ile ya tisini.

Donholm kama shida ni stage usiku, nenda ndondi ama judo. Miezi sita utakuwa mtu mwingine.

---

AchiengWaMikeka

@Mbavu_Nene nusu yako nakubali, nusu nakataa, na Seagal tumwache, ingawa kusema haki huyo alifundisha aikido Osaka kabla ya kuwa mwigizaji, hakuokota mambo kwa seti ya filamu.

Hii ya kushika kifundo watu wote huicheka. Ilikuwa na maana mahali ilikotoka. Mtu ana upanga kiunoni, njia ya kumzuia asiuchomoe ni kumdaka ule mkono, na yeye lazima ajue kujitoa. Hata yale mapigo yetu, shomenuchi inayoshuka katikati ya kichwa na yokomenuchi ya upande wa kichwa, ni mwendo wa upanga kabisa, ndio maana kwa darasa utaona bokken, yaani upanga wa mbao, na ile fimbo ya jo. Halafu kushikwa ni njia rahisi ya kumfundisha mgeni kuhisi uzito wa mtu mwingine unaenda wapi. Baadaye mnaongeza ngumi, mnaongeza kisu cha mbao, mnaongeza watu wawili watatu kwa pamoja wanakujia. Anayebaki kwa kifundo tu maisha yake yote ana mwalimu mvivu.

Na si kweli aikido yote ni moja. Ueshiba alikuwa na wanafunzi waliotoka kila mtu na barabara yake. Gozo Shioda alianzisha Yoshinkan, hiyo ni ngumu, imenyooka, kiasi kwamba polisi wa kutuliza ghasia wa Tokyo hupelekwa kwa kozi yao. Kenji Tomiki alikuwa mtu wa judo kwanza, akaona kama wewe Mbavu kwamba bila mtu wa kukupinga hujui kitu, akaweka mashindano, mmoja ana kisu laini cha mazoezi anajaribu kumgusa mwenzake nacho na mwingine anajaribu kumwangusha, wanabadilishana. Koichi Tohei alienda upande wa kupumua na utulivu, akatoka Aikikai, lile shirika kuu la aikido, 1974. Kwa hivyo Donholm kabla hujatoa pesa uliza wale watu wako wanafanya mtindo gani na uangalie wanavyofanya. Kama kila anayeanguka anaanguka kabla hajaguswa, ondoka.

Sasa kuhusu stage saa nne usiku. Mimi ni mwanamke, nashuka stage usiku kila wiki, na nakwambia wakitaka simu wape simu. Hata Mbavu na ngumi zake awape simu. Kisu hakijali una mkanda gani, na anayekuahidi kwamba miezi sita ya kitu chochote itakufanya upokonye kisu watu watatu gizani anakuuzia hewa. Kwa aikido kujitetea huja polepole sana, polepole kuliko ndondi, hapo sibishani na mtu.

Lakini kuna kitu kimoja aikido inakupa mapema na hakuna anayekitaja, ni kuanguka. Tunaita ukemi. Darasa zako za mwanzo karibu zote ni hiyo. Unaanza umechuchumaa chini, huruki kutoka juu kama unavyoona wakongwe. Mkono wa mbele unaukunja kama upinde, ukingo wa kidole kidogo ndio unatangulia kugusa mkeka, kidevu kifuani, unaangalia mkanda wako, halafu mwili unapita juu ya huo mkono, kiwiko, bega, unakatiza mgongo kwa mshazari mpaka nyonga ya upande wa pili, na unajikuta umesimama. Kichwa hakigusi. Uti wa mgongo haugongi mkeka kwa urefu wake, unapita tu kimshazari. Mwanzoni utasikia kila mfupa unataja jina lake, bega hasa, kisha siku moja unasikia kimya, hakuna hata kishindo.

Mvua ile ya Aprili niliteleza kwa ngazi za ploti, za simenti ile imepakwa rangi ya mafuta, sijui ni nani alishauri landilodi apake hiyo rangi kwa ngazi. Miguu ilienda mbele yote miwili. Kabla nifikirie kidevu kilikuwa kifuani na mkono umepiga chini kwa kofi, nikaamka na mchubuko wa nyonga peke yake, mboga ndio zilimwagika. Wangapi tunawajua wamevunja nyonga ama wamegonga kisogo bafuni, hao waliopigwa na majambazi ni wachache ukilinganisha. Kwa mtu wa miaka 38 anayekaa kwa kiti mchana kutwa mimi naona hiyo ndio sababu ya kuenda.

---

Mbavu_Nene

Hiyo ya ngazi nimeikubali dada. Judo pia tunaanguka lakini sawa.

Huyo Tomiki sikuwa namjua. Nitamtafuta YouTube.

---

PekuPeku254

mimi nilienda mara moja nikaambiwa nikae kwa magoti dakika kumi na miguu ikafa ganzi, kusimama nikaanguka mwenyewe bila kuguswa na mtu, wakasema ukemi nzuri 😂😂

---

Mzee_wa_Kanisa_Woodley

Wanangu hamjambo. Naona wote mmemkwepa ndugu yetu kwa swali ambalo yeye mwenyewe amesema ndilo kubwa. Mimi ni mzee wa kanisa na nimefanya aikido tangu nikiwa kijana, kwa hivyo hili swali nimeulizwa sana, tena na watu wenye vyeo kuliko pasta wako.

Tusidanganyane kwanza. Ueshiba alikuwa mtu wa dini sana. Mwaka wa 1919 babake alikuwa mgonjwa, akiwa safarini kurudi nyumbani kumwona akapitia mji wa Ayabe kuomba maombi kwa kiongozi wa dini mpya iliyoitwa Omoto, jina lake Onisaburo Deguchi. Babake alikufa kabla hajamfikia, lakini yeye akarudi Ayabe mwaka uliofuata akahamia huko na familia. Alimfuata Deguchi mpaka Mongolia mwaka wa 1924, walikuwa na ndoto ya kwenda kujenga ufalme wa amani huko, wakakamatwa na askari wa Kichina na nusura wapigwe risasi, ubalozi mdogo wa Japani ndio uliwaokoa. Baadaye alijenga hekalu dogo kijijini Iwama. Mazungumzo yake mengi ni ya miungu ya Kijapani, hata wanafunzi wake walikuwa wanasema hawamwelewi. Mtu akikwambia hakuna dini yoyote kwa historia ya aikido hajasoma.

Lakini imani ya mwanzilishi na kinachofanyika kwa lile holi lenu Jumamosi ni mambo mawili. Baada ya vita, mwanawe Kisshomaru ndiye aliyeipanga aikido ili mtu yeyote ulimwenguni aweze kuifanya, akaacha ule usemi wa babake na kufundisha mwili unavyosogea. Leo anayeongoza ni mjukuu, Moriteru, tangu 1999. Ukiingia kwa darasa hutaombwa kukiri kitu, hutaimba, hutachoma ubani. Unainama ukiingia, mnainamia upande wa mbele wa dojo ilipo picha, mnainamiana na mwalimu, mnainamiana na mwenzako, mnasema onegaishimasu, mkimaliza mnashukuru. Kule Japani watu huinamiana hata dukani. Na sisi hapa watoto wetu si wanasimama mwalimu akiingia? Kuna jamii hapa Kenya mtoto akimsalimu mzee lazima ainamishe kichwa aguswe, hakuna aliyesema ni ibada.

Hata hivyo dhamiri ni ya mtu mwenyewe, mimi siwezi kukupimia yako. Nimekaa kwa dojo moja na Waislamu ambao hawainamishi paji la uso mpaka sakafuni kwa sababu hiyo kwao ni ya Mungu peke yake, wakamweleza mwalimu mapema, wanainamisha kichwa kidogo tu wakiwa wamekaa na mambo yanaendelea. Wewe pia zungumza na mwalimu wako kabla ya siku ya kwanza. Akikasirika kwa kuulizwa swali kama hilo basi hata ufundishaji wake nautilia shaka.

Ya mkeo, usimletee maelezo ya intaneti. Mpeleke Jumamosi aketi na wewe aangalie darasa lote mwanzo hadi mwisho. Na pasta ukimwona anaweza kusikiza, mweleze mwenyewe kabla hajasikia kwa watu wengine, maana kanisani habari hutembea na hufika ikiwa imeota pembe.

---

Mtu_wa_Donholm

Mzee shikamoo, na asante sana, hiyo ya Waislamu imenisaidia kuliko unavyofikiria. Achieng na Kobe asanteni, Mbavu pia asante, nimekuelewa. Nimemweleza wife hiyo habari ya Mongolia akacheka akasema huyo mzee alikuwa na shida zake, lakini Jumamosi atakuja kuangalia.

Swali dogo tu. Nguo zile ni lazima ninunue saa hii? Na goti langu la kushoto liliumia kwa mpira zamani, likikunjwa sana linalia. Hiyo ya kukaa kwa magoti naiona ikiniua.

---

kobe_wa_rongai

Usinunue kitu bado. Darasa za kwanza enda na suruali ndefu ya mazoezi na tisheti ya mikono mirefu, mikono mirefu ni muhimu viwiko visichubuke. Ukiona utaendelea tafuta gi, yaani ile nguo nyeupe, ya judo, si ya karate, ya karate ni nyembamba na mtu akiikamata begani inapasuka. Gikomba ukiamka mapema huwa zinapatikana za mitumba, angalia mshono wa kwapa na magoti kabla ya kulipa. Hakama sahau kabisa kwa sasa.

Kata kucha, za miguu pia. Vua pete na saa. Beba slipas za kuvaa kutoka mlangoni mpaka kwa mkeka, ukikanyaga sakafu peku halafu uingie nayo kwa mkeka utaangaliwa vibaya.

Goti mwambie mwalimu kabla hamjaanza, si baada ya kuumia. Kuna mazoezi ya kutembea kwa magoti yanaitwa shikko, hayo uyaruke, ufanye ukiwa umesimama. Kukaa pia, ukunje miguu kama unavyokaa kwa jamvi, hakuna atakayekusema. Na mwenzako akikuangusha mwonyeshe goti ni lipi, wengi watakuwa waangalifu, ila kuna wale vijana wapya wenye nguvu nyingi na akili zinafuata nyuma, hao mwanzoni waepuke, tafuta mkongwe. Ungemtafuta yule mama wa kuangusha watu, hao ndio huwa na mikono mizuri.

---

AchiengWaMikeka

Na kunywa chai mapema. Ukibiringika na tumbo limejaa utajuta, uliza PekuPeku.

---

PekuPeku254

ilikuwa ni githeri 😭